Machozi Niliyompa Katibu

Mara ya kwanza mchezo wangu ulipooneshwa Bagamoyo, watu walipiga makofi mahali ambapo mimi nilitaka wanyamaze.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nimeshika karatasi za maneno ya waigizaji, na karatasi zenyewe zimeshalowa jasho. Jukwaani, Katibu alikuwa anawasomea watu wa kitongoji amri ya kuhama. Siku tatu, akasema, na atakayebaki nyumba yake itachomwa. Hapo makofi yakapasuka safu za nyuma. Walikuwa vijana, wengine nimewafundisha Kiswahili mimi mwenyewe. "Huyo ndiye kiongozi!" mmoja akapaza sauti. "Akisema anatenda!" Upande wa pili wa ukumbi mama mmoja mtu mzima akafyonza, fyonzo refu la kusikika mpaka jukwaani, akasema, "Mngemjua msingempigia makofi." Nusu ya ukumbi ikacheka na nusu ikamkemea kijana. Waigizaji wakabaki wamesimama, hawajui wasubiri au waendelee.

Mchezo ulihusu katibu kata mmoja wa miaka ya sabini, wakati watu walipoondolewa kwenye vitongoji vyao na kukusanywa katika vijiji vikubwa. Katibu wangu anaisoma amri. Siku ya nne anakuja na mgambo, anawakuta wengi wameshahama isipokuwa nyumba moja. Ndani yake kuna mwanamke mzazi, hajamaliza hata wiki mbili, na desturi inataka akae ndani siku arobaini. Katibu anamtoa, nyumba inachomwa. Halafu, wiki chache baadaye, Katibu huyohuyo anakwenda peke yake na baiskeli, amefunga gunia la mahindi nyuma, analiweka mlangoni kwa yule mwanamke kwenye kibanda chake kipya na kuondoka bila kubisha hodi. Nilitaka watazamaji watoke ukumbini hawajui wampende au wamchukie. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya mwandishi.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua, hata waigizaji wangu, ni kwamba Katibu ni baba yangu.

Mama ndiye aliyenisimulia, mara mbili tu maishani mwake. Mara ya kwanza nilikuwa msichana, akanisimulia habari ya gunia, kwa fahari. Mara ya pili alikuwa anaumwa, maradhi yaliyomchukua, na ndipo aliponisimulia habari ya nyumba. Alisema, "Vyote viwili ni yeye. Usije ukachukua kimoja ukaacha kingine." Baba mwenyewe hajawahi kuniambia lolote. Baada ya ukatibu alifanya kazi ya ukarani, akastaafu, na sasa yu mzee wa miaka themanini na kitu anayeishi nami. Jicho moja limefanyiwa upasuaji likapona, jingine lina ukungu. Anapiga pasi kanzu yake mwenyewe, hataki mtu aiguse. Mtaani wanamwita kwenye shughuli zao aombe dua, na watoto hushindana kumwamkia ili waisikie "marahaba" yake ndefu.

Kwa hiyo niliposikia watu wakimfyonza Katibu, niliona wanamfyonza yeye. Na waliposhangilia, nilihisi vibaya zaidi.

Katibu aliigizwa na fundi wa injini za boti kutoka Mbegani, mtu mpole, mrefu, mwenye sauti inayotoka mbali. Siku chache baada ya onyesho alikuja nyumbani kunisimulia yaliyompata sokoni. Alikwenda kununua samaki, muuzaji akamkazia macho.

"Wewe si ndiye uliyemtoa mzazi nyumbani?"

"Mama, mimi naigiza tu."

"Unaigiza vizuri mno. Kanunue kwingine."

Alicheka aliponisimulia, nami nikacheka, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtu ni mwema au mbaya? Niambie, nijue namna ya kusimama."

"Simama kama mtu aliyepewa amri," nikamwambia.

"Hilo si jibu."

Baba alikuwa sebuleni, mlango uko wazi, redio yake inasema taarifa ya habari. Nilimjibu fundi kwa sauti ya chini mno hata akaniuliza kama naumwa koo.

Haukupita muda mrefu nikapigiwa simu na mtendaji wa kijiji cha Mkange. Ndugu yake alikuwa ameuona mchezo, na kwao kulikuwa na wazee wengi walioyapitia mambo yale. Akatuomba twende tukauoneshe Jumamosi moja, baada ya sala ya alasiri, kwenye uwanja wa shule. Nikakubali kabla sijafikiri. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kwamba kata ya baba ilikuwa pande zilezile za kaskazini ya mto Wami, na kwamba sikuwahi kumuuliza mama kitongoji chenyewe kilikuwa wapi.

Nilikusudia kumwambia baba nakwenda kwenye semina. Lakini fundi alipokuja kupanga habari ya gari, alimwamkia na kumwambia kwa furaha, "Mzee, tunakwenda Mkange na mchezo wa mwanao!"

"Mkange," baba akasema. Alizima redio. "Nami nitakwenda."

"Baba, barabara ni ndefu, na magoti yako..."

"Magoti ni yangu."

"Na presha."

"Dawa nitabeba." Alinigeukia kwa lile jicho lake zima. "Mchezo wenyewe unahusu nini, mama?" Tangu nikiwa mdogo ananiita mama.

"Mambo ya zamani."

"Zamani ipi?"

Nikasema wakati wa kuhamia vijijini. Aliitikia kwa kichwa, akawasha tena redio. Wiki ile nzima hakuuliza tena, na wiki ile nzima nilikuwa naamka alfajiri, nikimsikia anavyotawadha, nikijaribu kujua kwa mlio wa maji tu kama amekasirika. Niliwaza kuahirisha. Niliwaza kumsomea mchezo wote kwanza, nimwombe ruhusa. Siku mbili nilikaa naye kibarazani karatasi ziko mapajani, nikaishia kumsomea bei za vyakula kwenye gazeti. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilimwogopa baba yangu kama mtoto aliyevunja mtungi.

Jumamosi ile tukaondoka naye. Tulipovuka Wami alishusha kioo cha gari, akakipandisha.

Uwanjani tulikuta watu wengi kuliko nilivyotegemea. Kina mama wamekaa kwenye mikeka, vijana wamesimama pembeni na pikipiki zao, na mbele kumepangwa viti vya wazee. Nilimshika baba mkono nikataka kumpeleka nyuma, kwenye kivuli cha darasa. Mtendaji akawahi. "La hasha, mzee wetu akae mbele." Akamketisha kiti cha katikati. Kisha akashika kipaza sauti, akawaambia watu wote kwamba mwandishi amekuja na baba yake mzazi, wampigie makofi. Wakampigia. Baba akainua mkono kidogo. Wazee wawili upande wa kushoto waliinamiana wakanong'ona, nami nikaenda kujificha nyuma ya kanga tulizozitundika mlangoni mwa darasa.

Mchezo ukaanza. Watazamaji wa Mkange hawakuwa kama wa Bagamoyo. Katibu alipohutubia maneno makubwa ya siku zile, walicheka, kicheko cha watu wanaomjua mtu. Mzee mmoja aliimalizia sentensi kabla Katibu hajaimaliza, uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata baba niliona mabega yanatikisika. Nikaanza kupumua. Labda yatapita, nikajiambia.

Amri iliposomwa hakuna aliyepiga makofi wala kufyonza.

Katika mchezo nilioandika, mzazi akishatolewa, Katibu anampa mgambo kibiriti, anageuka, anawapa watazamaji mgongo kisha uso, na analia. Hicho ndicho kipande nilichokipenda kuliko vyote. Bagamoyo tulipofika hapo hata waliomfyonza walitulia. Fundi alikuwa hodari wa kulia. Machozi yake yalikuwa ya kweli.

Basi fundi akageuka, akaanza kulia. Mama mmoja akasimama kutoka kwenye mkeka.

"Hebu ngoja," akasema.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani. Alikuja mpaka mbele, karibu na fundi, akamtazama kama mtu anayetazama kidonda. Mtendaji akainuka kumzuia, wanawake wenzake wakasema, "Mwacheni."

"Kijana, futa machozi," akamwambia fundi. "Yule hakulia."

Fundi akajifuta kwa mkono wa shati.

"Mimi nilikuwepo," mama yule akaendelea, sasa anawaambia watu wote. "Aliyetolewa ni mama yangu. Nimembeba mdogo wangu mikononi, ana siku kumi na moja. Nilimtazama Katibu usoni kwa sababu nilikuwa namngoja aseme basi, rudini. Hakulia. Alikuwa anaangalia saa."

Nilitaka kutoka nyuma ya kanga nikaseme kwamba huu ni mchezo tu, kwamba Katibu wangu si mtu fulani. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo tangu Bagamoyo. Lakini nilipotazama mbele nikaona baba anasimama. Alisimama kwa shida, ameshika mgongo wa kiti cha jirani yake.

"Ni kweli," akasema. "Sikulia."

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba hakuna asiyesikia. Yule mama akageuka taratibu. Walitazamana. Baba alisogea hatua moja ili amwone vizuri kwa jicho lake zima.

"Ni wewe?" mama akauliza.

"Ni mimi."

Palizuka minong'ono, kisha makelele. Kijana mmoja kwenye pikipiki akapaza sauti, "Mzee alitumwa tu! Angefanyaje?" Mwingine akamjibu kwamba kutumwa si sababu. Mzee mmoja wa viti vya mbele akasimama na bakora yake akasema shule hii tuliyokaa isingekuwepo watu wasingekusanywa, na zahanati vilevile, na kwamba wanaolaumu wamesoma hapahapa. Mwanamke akamwuliza yeye nyumba yake ilichomwa na nani. Kila mtu alikuwa na Katibu wake. Nilisikia mambo siku ile ambayo miaka yote ya kuandika sikuyasikia: katibu aliyepiga watu bakora, katibu aliyewaonya watu usiku waondoe mahindi kabla ya mgambo kufika, katibu aliyefanya yote mawili. Waigizaji wangu walikuwa wamekaa chini kama watazamaji.

Mama yule alingoja wanyamaze. Kisha akamwambia kijana wa pikipiki, "Hata mimi najua alitumwa, mwanangu. Sijauliza hilo." Akamrudia baba. "Lile gunia la mahindi. Lilikuwa lako?"

"Langu. La nyumbani kwangu."

"Mama hakula hata punje. Alisema hawezi kumeza. Sisi watoto tulikula." Akakaza kanga kiunoni. "Yule mdogo wangu alikufa. Mvua ilinyesha, kibanda hakikuwa na paa. Sisemi umemuua. Nasema alikufa, na gunia lilikuja yeye ameshazikwa."

Baba hakujua habari hiyo. Nilimwona. Aliyumba, kiti alichokishika kikasogea, nami nikatoka mbio nyuma ya kanga kumshika. Alinisukuma kidogo, si kwa hasira. Alitaka kusimama mwenyewe.

"Niwie radhi," akamwambia.

Yule mama alimtazama muda mrefu. Nadhani uwanja mzima ulikuwa unamngoja amsamehe. Mimi nilikuwa namngoja zaidi ya wote. Ningeweza kupiga magoti.

"Nimesikia," akasema.

Alirudi kwenye mkeka, akajifunika kanga vizuri, akamwambia fundi, "Haya, endeleeni."

Fundi akanitazama. Nikatikisa kichwa tu, na mpaka leo sijui kama nilimaanisha ndiyo au hapana. Akarudi mahali pake. Akachukua tena kibiriti, akampa mgambo. Akageuka, na safari hii akainua mkono wa kushoto akaangalia saa. Hakufanya zaidi ya hapo. Nilisikia mtu mmoja kwenye mikeka anavuta pumzi kwa nguvu. Mchezo ulipofika kwenye gunia, hakuna aliyenyamaza kwa huruma kama Bagamoyo, wala hakuna aliyezomea. Walitazama kama watu wanaotazama shauri lao kwenye baraza la ardhi.

Mwisho hawakupiga makofi. Walikuja kutushika mikono, mmoja mmoja. Wengine walimpa baba mkono, na wengine walimpita. Mzee wa bakora alimkumbatia kwa nguvu iliyomtia haya. Mwanamke mmoja wa umri wangu alinyoosha mkono kwangu, akamtazama baba, akaurudisha ndani ya kanga. Jua lilikuwa linaelekea kushuka, na mtendaji alikuwa anaomba radhi kwa kila mtu, hata kwa wasiohusika.

Kwenye gari, baada ya Wami, baba akasema, "Mama."

"Labeka, baba."

"Kwa nini ulinifanya nilie?"

Kwa hiyo alijua nilimwandika yeye. Labda alijua tangu fundi alipotaja Mkange. Nilimwambia ukweli: nilitaka watu wamwonee huruma.

"Nani alikuomba?"

Nikatazama barabara.

"Ningelilia," akasema, "wale mgambo wangejua naona tunafanya vibaya. Na mimi ningejua." Tulipofika Makurunge akaongeza. "Nilikuwa naangalia saa kwa sababu gari la wilayani lilikuwa lije saa nne. Nilitaka likute tumemaliza."

Fundi alikuwa kiti cha mbele, hajageuka hata mara moja. Tulipomshusha Mbegani alimwamkia baba kama mtu anayekutana naye mara ya kwanza, akiwa ameinama kabisa, kisha akaniambia pembeni, "Mwalimu, ningejua ni yeye nisingekubali. Au ningecheza vizuri zaidi. Sijui."

Nilirudi kwenye karatasi zangu nikafuta machozi ya Katibu. Lilikuwa jambo la mistari miwili, lakini lilinichukua siku nyingi, kwa sababu kila nilipoyafuta niliona nimemvua baba nguo mbele za watu. Tulipouonesha tena Bagamoyo, vijana hawakushangilia. Mmoja alinifuata baada ya onyesho, amekunja uso, akasema mchezo wa kwanza ulikuwa bora kwa sababu mtu alijua ashike upande gani. "Sasa mwalimu unatuacha hewani." Mwalimu mwenzangu akasema nimemfanya Katibu kuwa mnyama. Mwingine akasema hapana, ndiyo kwanza amekuwa mtu. Niliwasikiliza wote huku namwaza mzee mmoja aliyebaki nyumbani, ambaye aliniambia hatakuja tena kuuona kwa kuwa anaujua.

Baba hakuumwa, kama nilivyoogopa. Ila alibadilika kidogo. Wakimwita kwenye shughuli kuomba dua, sasa husema aombe mwingine, na watu wa mtaani huniuliza kama nimemuudhi. Nawaambia ni uzee. Nikimsikia anakohoa chumbani naenda kusimama mlangoni, halafu narudi bila kuingia.

Mwezi uliopita simu yangu iliita mchana, namba nisiyoijua. Alikuwa yule mama wa Mkange. Namba ameipata kwa mtendaji. Nilimwamkia, akaitikia. Aliniambia ana mtoto ameolewa Ubena, na huko ana wajukuu wakubwa ambao hawaamini anapowasimulia. Aliuliza kama tunaweza kwenda kuwaonesha mchezo, ule wa saa, si ule wa machozi. Nikasema tutapanga. Nilikuwa tayari kuaga aliposema, "Mzee yupo?"

"Yupo."

"Nipe nimsalimie."

Baba alikuwa sebuleni anakunja kanzu. Nilimwambia ni nani. Aliweka kanzu chini, akapokea simu kwa mikono miwili. Nilisikia, "Marahaba." Nikasikia, "Alhamdulillahi, na huko?" Kisha akaniangalia, akaenda nayo chumbani, akafunga mlango.

Walizungumza kwa muda. Nilikaa jikoni, nimezima feni ili nisikie, sikusikia kitu. Alipotoka alinirudishia simu, akasema, "Ubena mtakwenda lini?"

"Bado hatujapanga."

"Pangeni," akasema, akarudi kwenye kanzu yake.

Nimepanga. Fundi amekubali, shule imetupa uwanja. Baba hajasema kama atakuja, nami sijathubutu kumuuliza.